Mama wa Maabara na Tone la Maji ya Bwawa
Mama wa maabara alikuwa na mikono iliyokwajuka kwa dawa na sauti ya kunong'ona, kana kwamba mijusi na panzi wa kwenye chupa wamelala. Kabla ya kila kipindi cha biolojia alipangusa hadubini moja moja kwa pindo la koti lake, akapuliza vumbi, kisha akarudi kusimama kando ya sinki. Miaka yote hiyo hakuwahi kuchungulia hata mara moja. Aliogopa asije akavunja kitu cha watu. Siku ya somo la kuainisha viumbe, yeye ndiye aliyechota ndoo ya maji bwawani. Binti mmoja wa dawati la mbele akamwona akinyoosha shingo.

"Mama, njoo uone."

"Mimi? Na mikono hii?"

"Si kwa mikono, Mama, ni kwa jicho!"

Darasa likacheka, naye akainamia hadubini yenye tone la maji yale. Mara akapaza sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo: "Anaogelea! Ana vinyweleo mwili mzima, na anajua anakokwenda!" Wanafunzi wakapanga foleni nyuma yake; wala hakuwa na habari nao. Akamuuliza mwalimu, jicho likiwa palepale, "Huyu tumweke kwa wanyama au kwa mimea?"

"Kote kuwili hayuko, Mama. Hawa wana himaya yao."

Hapo ndipo alipoinua uso, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mdogo hivyo, na ana himaya! Subirini zamu yenu, wanangu. Bado sijamwamkia."