Kisu cha Jirani

Mama alikuwa na wosia mmoja tu, na hakuchoka kuurudia: siku ya matanga yake, mbuzi achinjwe na mzee wa nyumba ya pili, ili asibaki mtu bila kula. Sisi ni Wakristo wa kutoka Jilore, mzee ni Mwislamu, na hapa mtaani kwetu, Barani, ndivyo tulivyoishi miaka yote. Ukiwa na harusi au msiba unampelekea mnyama, anamchinja kwa kisu chake, na sufuria inakuwa ya mtaa mzima. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kisha ukaja msimu wa kampeni. Mtaa wetu ulikuwa na kundi moja la simu, la kutangaziana maji yakikatika au mtoto akipotea. Katika wiki moja likagawanyika makundi matatu: Waislamu kwao, watu wa bara kwao, na sisi wa Jilore kwetu. Nilitiwa humo bila kuulizwa, lakini sikutoka. Nisiseme uongo, nilinogewa. Nikiwa peke yangu sina ugomvi na mtu. Nikishika simu, vidole viliandika hasira ambayo hata leo sijui ilikuwa ya nani. Kila mtu alisema "wao", nami nikasema "wao", nikajiona nina ndugu wengi.

Mama akafariki katikati ya vurugu hizo. Binamu yangu akaandika kundini: "Safari hii tuchinje wenyewe. Tumezidi kujipendekeza." Nilikuwa jikoni, macho yamevimba, wosia wa mama naukumbuka neno kwa neno. Nikaweka alama ya kidole gumba, nikaendelea kupepeta mchele.

Asubuhi mzee akaja, kisu amekifunga kwa kipande cha kikoi. Mbuzi alikuwa ameshatundikwa, amechunwa nusu.

"Shikamoo, baba," nikasema, nikitazama miguu yake.

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Mamako alinambia niwahi."

Akakibana kisu kwapani, akaketi jamvini. Yeye na jirani zetu Waislamu walikaa nasi mpaka mazishi yakaisha. Sahani zilipopita waliomba maji tu. Sufuria ya mama ilirudi jikoni na nusu ya nyama, na mimi ndiye niliyeisugua.

Tangu hapo situlii. Kampeni zimeisha, makundi yamenyamaza, binamu anamsalimia kila mtu kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nazunguka uani, naanza kufua naacha, nachukua ufagio nausahau mlangoni. Naona aibu, na aibu hiyo hakuna kundi lililokubali kuibeba nami. Juzi nikanunua jogoo, nikampeleka kwa mzee. Nilidhani atamchinja, mambo yaishe.

Akatoka na kisu, kitambaa ni kile kile. Akamshika jogoo mabawa, kisha akaniangalia.

"Watakula wangapi?"

"Mimi tu, baba."

"Sasa wa kula peke yako, mwanangu, mimi wa nini?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli. Akanirudishia jogoo wangu. Nikabaki langoni pake, jogoo akipapatika mikononi, nikiwaza nimwalike nani, na kila nyumba niliyoifikiria ilikuwa ya watu niliowaandika "wao".