Mpangaji wa mathe alipotoka na bakuli kwa gate ya adui

Wakuu, sasa. Hii sijaitia chumvi hata kidogo. Anayebisha aje Njoro aulize nyumba ya mwenyekiti wa kina mama kanisani. Huyo ndiye mathe, mama yangu mzazi.

Mathe ana kanyumba nyuma ya zizi, hupangishia watu wa chuo. Mwaka jana lecturer mmoja akampigia simu: kuna mtawa wa kutoka Sri Lanka, anakuja kufundisha mwaka mzima. Hanywi, hana bibi, hapigi muziki.

Mathe kusikia mtawa, akajua ni Mkatoliki. Sisi si Wakatoliki, lakini akasema heri huyo kuliko wale first years.

Jamaa akafika. Kichwa kimenyolewa, joho la rangi ya chungwa, anacheka na kila mtu. Anaitwa Bhante.

Kitu cha kwanza kutoka kwa begi? Sanamu ya Buddha.

Mathe alirudi jikoni akaketi. "Woi, nimeleta nini kwa boma?"

Lakini mgeni ni mgeni. Jioni akampelekea chapati na kuku. Bhante akakunja mikono, akakataa kwa heshima. Watawa wao hawali baada ya saa sita mchana.

Wakuu, sanamu mathe angevumilia. Lakini kukataliwa chapati!

Kesho yake asubuhi Bhante akatoka miguu mitupu na bakuli jeusi, akasimama kimya kwa gate ya jirani yetu, Mama Ciru. (Baadaye alinieleza: kwao mtawa hapiki wala haombi chakula. Anasimama tu. Ukitaka unaweka kitu, usipotaka anaenda zake.)

Sasa shida. Mama Ciru na mathe walikuwa hawajaongea miaka miwili, tangu ng'ombe wetu aingie kwa kabichi zake. Kanisa moja, lakini kila mtu na upande wake.

Mama Ciru akajaza bakuli githeri, akapaza sauti: "Kula, mwanangu! Kumbe huko hawakupi chakula!"

Mathe alikuwa anakamua. Karibu amwage maziwa.

Siku iliyofuata, hata jua halijachomoza vizuri, mathe alikuwa mlangoni kwa Bhante na uji, ngwaci (viazi vitamu) na mayai. Mama Ciru akaja na mukimo wa viazi na mahindi. Vita ikaanza. Wiki mbili nzima, sufuria zinaongezeka, na hakuna anayemsalimia mwenzake.

Asubuhi moja wamesimama hapo wote wawili, Bhante akaangalia bakuli, akawaangalia, akasema kwa Kiswahili chake cha wiki tatu:

"Mama. Bakuli moja. Tumbo moja. Nyinyi ongea."

Akafunga mlango.

Mathe akaangalia sufuria ya mwenzake, akasema, "Basi wewe chukua Jumatatu." Kutoka Jumatatu wakafika Alhamisi, kutoka Alhamisi wakafika kwa kabichi. Mama Ciru alilia. Mathe pia, ingawa anasema ni moshi.

Jumamosi pastor akaja na wazee wawili. Neno lilikuwa limefika kwao: mwenyekiti anaweka sanamu kwa boma. Achague, mpangaji au kiti. Mimi niliogopa sana. Hicho kiti mathe amekikalia miaka kumi na moja, anakipenda kuliko hata mimi.

Wakapata mathe na Mama Ciru kwa benchi moja, wanamenya viazi.

Pastor alisimama. Hao wawili alikuwa amejaribu kuwapatanisha mara tatu, pamoja na maombi ya kufunga.

"Nani amewaweka pamoja?"

Mama Ciru akaelekeza kisu kwa Bhante, aliyekuwa anafagia huku akizunguka siafu asiwakanyage.

Pastor akamfuata. "Uliwaambia nini?"

Bhante akafikiria. "Nilikuwa nimeshiba tu."

Pastor alicheka mpaka akashika fence. Ya kiti haikutajwa tena. Walikunywa chai wakaenda.

Nilichojifunza: mimi nilidhani watu wa dini mbili wakikutana lazima kuwe na mdahalo, microphone na aya. Hawa walianza na nani ataleta nini Jumatatu. Na hakuna aliyebadilisha dini. Mathe bado anamuombea aokoke, kwa jina, kwa sauti, na Bhante humwambia asante.

Juzi nilimuuliza mathe kama kweli anaamini Bhante ataenda motoni.

"Hiyo niachie," akasema. "Nitaongea na Mungu mwenyewe."

Haya, nyinyi mmewahi kuishi na mtu wa dini ingine? Ilikuwaje? Na wale mtasema mathe amerudi nyuma, njooni mumwambie nikiwa mbali.