Nyama laini ya kwa mama mukwe

Leo nimemeza kipande ya nyama, na sijue kama tumbo yangu itanisamehe.

Tulienda na muke wangu kusalimia mama yake ku Nyabiondo. Pikipiki ilitutikisa njia yote, nikafika kichwa inaniluma.

Mama mukwe alitupikia mboloko, kale kaswala kadogo ka pori. Ilitoka Kalembe.

Ile nyama munaijua. Iko nguvu. Kwetu inashinda ku moto tangu asubui, na bado unaivuta na meno kama kamba.

Hii ilikuwa inaachana na mufupa yenyewe.

Nikakula na fufu, nikaongeza. Kipande ingine iko mu kinywa, njo nikauliza:

— Mama, unaipikaka aje? Iko laini sana.

Akafurahi. Akaniletea plaketi ya paracetamol, vidonge vyote vimetoka.

— Natiaka plaketi muzima, mwanangu. Inalainishaka mbio.

Dawa ya bagonjwa. Mu muchuzi ile nilikuwa nalamba ku vidole.

Mate ikajaa kinywa. Lakini mukwe anaweza kutema chakula mbele ya mama mukwe? Muke wangu alikuwa ananikazia macho.

Nikameza. Nikasema aksanti.

Akaniongeza kingine.

Mpaka sasa nasikia uchungu ya vidonge ku ulimi. Muniambie ukweli, kwenu pia munatiaka? Nijue nyumba za kuepuka.

Na kitu inanichukiza kupita yote: kichwa ilipona.