Wapiga Ngoma Tuliowafukuza

Nilijiunga na bendi ya hevi metali nikiwa na miaka arobaini na moja, na mke wangu akadhani nimepata mwanamke. Kila Jumamosi baada ya chai nilikuwa natoka, narudi alasiri nimelowa jasho, masikio yanavuma. Nilipomweleza ukweli alicheka, kisha akauliza, "Ule muziki wa kupiga makelele? Wewe, mpiga besi wa kwaya?"

Ndiyo, mimi. Besi nilijifunza kanisani Morogoro, na hapa Toronto nilikuwa naipiga kwenye ibada ya Kiswahili kule Mississauga, mji jirani, Jumapili moja kwa mwezi. Siku nyingine nilikuwa kiwandani, tunatengeneza madirisha. Aliyeendesha foklifti ya kunyanyulia vioo alikuwa Mswidi, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu zilizoanza kuingia mvi, mchache wa maneno. Siku moja tukila mchana aliniona nikichezesha vidole juu ya meza.

"Besi?" akauliza.

"Besi."

"Njoo Jumamosi."

Bendi ile aliianzisha kwao akiwa na miaka kumi na saba, katika mji mdogo wenye kiwanda cha mbao na kituo kimoja cha treni. Alizijua safu zake zote, yaani makundi ya wapigaji waliopokezana, kwa mpangilio. Safu ya kwanza ilivunjika mpiga besi alipookoka. Ya pili ilikwisha mwimbaji alipozama ziwani, barafu ilipovunjika chini ya pikipiki yake. Tangu hapo yeye mwenyewe ndiye akawa anaimba. Safu zilizofuata watu walioa, walihamia Norwe, walichoka. Mpiga ngoma peke yake ndiye hakubadilika. Kisha Mswidi akaoa Mkanada, akahamia Toronto, ndoa ikafa baada ya miaka minne, akabaki na jina la bendi na nyimbo kama thelathini. Akaanza upya na watu wa hapa. Mimi niliingia katika safu ya saba.

Tulifanya mazoezi nyuma ya gereji moja karibu na reli, chumba kisicho na dirisha, kinanuka mpira na oili. Gitaa la pili lilipigwa na Mgoa mmoja wa Mississauga, mtaalamu wa kompyuta ofisini Markham. Wazazi wake walitoka Dar es Salaam. Kiswahili alikisikia kwa bibi yake. Ukimsemesha anaelewa kila kitu, anakujibu kwa Kiingereza. Ngoma zilipigwa na mwanamke wa mtaa wa Parkdale, Mtibeti aliyekuja Kanada akiwa mtoto. Alikuwa mwoka mikate. Kazini aliingia alfajiri, kwetu alifika mchana akiwa bado na unga kwenye nyusi, na alipokaa nyuma ya zile ngoma chumba kizima kilikaa sawa. Sijawahi kupiga na mtu mwenye mwendo uliotulia kama wake, kanisani wala kwingineko. Mwaka wa kwanza nilikuwa naingoja Jumamosi kuanzia Jumatatu.

Mwaka wa pili nyimbo zikaanza kutuponyoka.

Muziki ule unataka mkono wa kulia wa mpiga gitaa upige nyuzi kwa kasi, juu chini, juu chini, bila kusita hata kidogo. Mpiga besi anakaa katikati: sikio moja liko kwenye ngoma, jingine kwenye gitaa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyesikia kwanza. Ngoma zilikuwa zinakwenda vilevile. Gitaa la Mswidi ndilo lilikuwa linafika nyuma kidogo, kama mtu anayekimbilia basi. Na kwa kuwa nilisimama upande wake wa kulia, niliona pia. Wimbo ukiisha aliutia ule mkono mfukoni haraka. Asipoutia mfukoni, kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana vyenyewe, polepole, bila yeye kutaka.

Sikusema. Kiwandani alikuwa amenitetea mbele ya msimamizi mara mbili, mara moja wakati nilikuwa karibu kabisa kuachishwa. Nilijiambia ni heshima. Leo nasema pia niliogopa. Safu ya nane ingeweza kuwa na mpiga besi mwingine.

Yeye alisema ni ngoma. "Unatuburuza, unachelewa," akamwambia yule mwanamke, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mwanzoni yule mama alibisha. Baadaye akawa anarekodi mazoezi kwa simu na kwenda kujisikiliza nyumbani. Tukafanya onyesho Jumapili moja alasiri kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, watu kama arobaini hivi, na wimbo wa nne ukatuvunjikia mikononi. Tulisimama jukwaani tukatazamana. Mtu mmoja akapiga makofi ya kebehi.

Jumamosi iliyofuata, kabla hatujafungua magitaa, Mswidi akasema, "Nimefikiri. Inabidi tutafute mpiga ngoma mwingine."

Yule mwanamke hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Wewe una masikio," akasema. "Waambie. Nani anachelewa?"

Mgoa alikuwa anaangalia viatu vyake. Mkono wa Mswidi ulikuwa mfukoni.

"Labda sote tumechoka," nikasema.

Akaanza kufungua matoazi yake, moja moja, akiyafunga kwenye taulo. Nilitaka kumsaidia kubeba hadi kwenye gari. Akasema, "Usiguse."

Baada yake akaja dereva wa basi la jiji, mtu mcheshi, mpigaji mzuri. Miezi minane, akaambiwa anaburuza. Akaja fundi bomba aliyewahi kupiga kwenye bendi kubwa kuliko yetu. Huyo alikaa wiki sita. Alipoambiwa anaburuza alicheka, akauliza kama tunamtania, akaondoka akiwa anacheka. Wa tatu sikumbuki hata sura yake vizuri. Kila mara mimi nilikuwapo, na kila mara nilifungua na kufunga mkoba wa besi bila kusema neno. Wapigaji wa mjini wakaanza kutukwepa.

Majira ya baridi yaliyofuata, yule mpiga ngoma wa zamani wa Mswidi, wa tangu safu ya kwanza, alikuja kumtembelea kutoka kwao. Alikuwa mzee mfupi mwenye mgongo mpana, mtunza makaburi wa kanisa la mji wao. Hatukuwa na mpiga ngoma wakati huo, kwa hiyo Jumamosi akakaa yeye. Sijapata kumwona Mswidi na furaha namna ile. Alikuwa ameleta hata mikate ya mdalasini.

Tukapiga wimbo wa kwanza, wa pili. Katikati ya wa tatu mzee akaweka fimbo zake juu ya ngoma. Akasema jambo kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini, sentensi moja tu. Mswidi akavua gitaa, akaliegemeza ukutani, akatoka nje bila koti. Kulikuwa na theluji hadi magotini.

Nilimfuata na koti lake. Alikuwa amesimama karibu na lundo la matairi.

"Amekuambia nini?"

"Ameniuliza mkono wangu umekufa lini."

Nikamvalisha koti. Ule mkono haukutaka kuingia kwenye mkono wa koti, ikabidi niusukume kama wa mtoto mdogo.

"Mimi nilijua," nikasema.

"Najua kwamba ulijua," akasema. "Ndiyo maana nilikupenda."

Sentensi hiyo imenikaa. Hakuisema kwa ubaya.

Ugonjwa wenyewe alikuwa ameushuku kwa miaka miwili. Ni ule wa neva, unaotetemesha mikono kisha unakaza mwili mzima polepole. Hospitali hakwenda, kwa sababu alijua watamnyang'anya foklifti, na kweli alipokwenda wakamnyang'anya. Kiwanda kilimpa kazi ya kubandika karatasi kwenye maboksi, na hiyo nayo ikamshinda kabla majani ya miti hayajaota.

Akasema ataimba tu, gitaa la kwanza apige Mgoa. Tukamrudisha dereva wa basi, aliyekubali kwa moyo mweupe. Tukaendelea hivyo kiangazi kizima. Halafu sauti nayo ikaanza kupungua. Mwimbaji wa muziki ule anatoa sauti kutoka tumboni, inakwaruza. Yake ikawa inatoka kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa chumba cha pili. Wakati huohuo Mgoa alikuwa ametupatia nafasi kwenye tamasha la wazi, kubwa kuliko lolote tulilowahi kupata. Tukakutana watu watatu, mimi, Mgoa na dereva, kwenye mgahawa wa kahawa Mississauga. Mgoa akasema anamjua mwimbaji kijana. Akauliza nani anakubali achukue nafasi ya Mswidi. Nilinyoosha mkono. Hakuna aliyenilazimisha.

Wakaniambia niende mimi kumweleza, kwa kuwa mimi ni mpole.

Nilimkuta kwake anakula supu kwa kijiko kilichofungwa kitambaa mpini upate kuwa mnene. Nikasema yote kwa mara moja. Alimaliza supu kwanza.

"Nyimbo mtaimba zipi?"

"Zako."

"Badilisheni jina basi."

"Nitawaambia."

Niliwaambia. Mgoa akasema jina ndilo lililotuingiza kwenye tamasha. Hatukubadilisha. Tulipiga siku ile mchana kweupe, mbele ya watu wengi, na tulipiga vizuri, na mimi nikajisikia kama nimevaa nguo za mtu aliye hai bado. Mwaka uliofuata dereva akaondoka, kisha Mgoa akapata mtoto akaondoka. Jumamosi moja nikaangalia chumba kile nikaona watu watatu ambao hawajawahi kumwona hata kwa mbali mtu aliyetunga nyimbo wanazozipiga. Niliweka besi mkobani sikurudi tena. Nasikia waliongeza mpiga kinanda, kisha wakatawanyika.

Mswidi alichukuliwa na dada yake arudi kwao. Nilikwenda kumuaga siku walipokuwa wanafunga mizigo. Wakati huo maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, unasubiri moja ndipo lije jingine.

"Yule mama," akasema. "Wa mikate. Mwambie hakuchelewa."

"Nitamwambia."

"Wewe. Si barua."

Nilikaa na ujumbe ule miezi mitano. Kila wiki nilikuwa na sababu. Mke wangu ndiye aliyechoka. "Baba watoto," akasema, "hicho unachokiogopa kitapungua ukizidi kungoja?" Nikapanda treni, kisha tramu, nikashuka Parkdale.

Duka lilikuwa na watu wawili mbele yangu. Alinitambua nikiwa bado kwenye foleni, aliendelea kuhudumia. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mswidi amenituma. Anasema hukuchelewa. Ulikuwa mkono wake. Anaumwa."

Akachukua kitambaa akafuta kaunta ambayo ilikuwa safi.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile nilipokuuliza?"

"Kabla ya siku ile."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa. "Nilikwenda kupimwa masikio," akasema. "Nilidhani nimeharibika. Daktari akasema masikio ni mazima, nikadhani basi ni kichwa. Mama yangu alipoteza akili akiwa na umri kama huu wangu, nikasema ndiyo, imeanza. Ngoma niliwapa watoto wa shule. Nilikuwa naamka naogopa kusahau kiasi cha hamira."

Nilisema naomba samahani. Nilisema kwa Kiingereza, halafu, sijui kwa nini, nikarudia kwa Kiswahili.

"Unataka mkate?" akauliza.

"Hapana, nimekuja tu kukuomba..."

"Kama hutaki mkate, kuna watu nyuma yako."

Nikatoka. Kwenye kituo cha tramu nikapiga simu Uswidi, kwa sababu nilijua nikifika nyumbani sitapiga. Kule ilikuwa jioni. Dada yake akamshikia simu sikioni. Nikamwambia nimekwenda, nimemwambia yule mama kama alivyoniagiza.

Nilisikia pumzi yake muda mrefu. Kisha maneno yake, moja moja: "Akasema... nini?"

Tramu ilikuwa inakuja. Nikasema, "Amekusamehe. Amekusalimia sana."

Kitu kama kicheko kikatoka, au kikohozi. Dada yake akachukua simu akanishukuru, akasema kaka yake analia lakini ni sawa, ameulizia habari hiyo kila siku.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote, pamoja na uongo. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuniambia nimefanya vyema wala vibaya. Aliuliza tu kama yule mama ana watu wake pale Parkdale, au anaishi peke yake. Nikagundua kwamba sijui. Nilipiga naye muziki miaka miwili, na sikuwahi kumuuliza.