Koti Kwenye Kiti cha Mkurugenzi

Kanuni ya benki kuu ilikuwa fupi: likiletwa kikaoni jambo linalomgusa ndugu yako, unautaja undugu huo, unasimama, unatoka. Mkurugenzi wa usimamizi wa mabenki aliishika kanuni hiyo mpaka siku ya mwisho ya kazi yake. Aliutaja, alisimama, alitoka. Koti lake aliliacha kwenye kiti.

Ofisini walimwita Rula. Jina lilianza kama utani wa makarani, kisha likageuka sifa na kuenea mjini, naye akalipenda ingawa alijifanya halisikii. Hakupokea zawadi ya mtu, hata kalenda ya ukutani. Benki ikimletea kikapu cha mwisho wa mwaka, alikirudisha na dereva yuleyule kabla hajazima gari. Aliyechelewa kikaoni alikuta mlango umefungwa, awe karani au mkuu wa idara. Alikuwa mrefu na mkavu, mwenye shingo iliyomfanya aonekane anawachungulia watu kutoka juu ya ukuta, na kusema kweli ndivyo alivyowatazama.

Mtu huyu alilelewa na dada yake. Wazazi walifariki mapema, na dada, muuguzi wa wodi ya wazazi, akamchukua mdogo wake wakaishi chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali. Alimsomesha kwa malipo ya zamu za ziada. Wanaume waliokuja kumposa aliwaambia wangoje mtoto amalize shule. Hawakungoja. Rula alipomaliza chuo, dada alikuwa ameshazoea kupika chakula cha mtu mmoja. Hakumkumbusha hata siku moja. Alimwita "mdogo wangu" hata mdogo huyo alipoota mvi, hata mbele ya dereva wake.

Rula alioa katika familia ya wafanyabiashara. Mkewe alikuwa na kaka mmoja, mtu mnene, mcheshi, anayecheka kabla hadithi yake haijaisha. Shemeji huyo aliuza matairi, akauza viwanja, halafu akafungua benki. Ilikuwa ndogo, matawi machache na vioo vingi, ila ilitoa riba kubwa kuliko zote mjini. Mteja akisita, shemeji alimsogelea na kupunguza sauti.

"Unajua anayetukagua ni nani? Mume wa dada yangu. Na wewe yule mtu unamjua. Tungekuwa na kasoro, angetufunga kabla ya chai ya saa nne."

Wateja walicheka wakatia saini. Maneno hayo yalimfikia Rula. Alikunja uso, akasema yeye si mlinzi wa midomo ya watu, akaendelea na kazi. Sifa ya Rula ilikuwa imeshaanza kuuzwa dirishani, naye muuzaji alimjua, na hakumzuia.

Wakaguzi walipoingia kwenye benki ile walikuta jambo ambalo halihitaji shule kubwa kulielewa. Akiba za wateja zilikuwa zimekopeshwa kampuni za shemeji mwenyewe, na kampuni hizo hazilipi. Dawa yake ilijulikana: benki ifungwe mapema, wateja wagawiwe kilichobaki wakati bado kipo. Kila mwezi uliopita ulipunguza kilichobaki.

Jambo likafika mbele ya kamati. Rula alisimama, akaomba iandikwe kwamba mmiliki ni shemeji yake, akatoka na kwenda kukaa kwenye benchi la korido akiwa na shati tu. Kiyoyozi cha chumba kile kilikuwa kikali, hakuna aliyewahi kuvua koti humo. Lake lilibaki limevalishwa mgongo wa kiti, kijivu, mabega yametuna kana kwamba mwenyewe yumo. Wajumbe walikuwa watu aliowapandisha vyeo yeye, au waliongoja awapandishe. Walilitazama koti, wakatazama makaratasi yao. Mmoja akapendekeza benki ipewe muda ijirekebishe. Wengine wakakohoa, wakakubali.

Mara ya kwanza ungeweza kusema alisahau. Kikao kilichofuata aliliacha tena, na muda ukaongezwa tena. Makarani wakaanza kuambizana kwamba koti la Rula lina kura, tena ya turufu.

Aliyekalia kiti cha pembeni alikuwa naibu wake, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito ambaye hakuwa na kipaji cha kuzunguka maneno. Jambo lilipoletwa mara nyingine, Rula akasimama, naibu akasema kwa adabu kabisa, "Mkurugenzi, umesahau koti."

"Sijasahau. Narudi sasa hivi."

"Huko nje ukikaa sana utapigwa na baridi. Lichukue tu."

Kuna aliyecheka, akakimeza kicheko chake. Rula alimtazama naibu kutoka juu ya ukuta wake. Akamwambia aendeshe kikao, akatoka bila koti. Siku hiyo naibu alipiga kura ya kuifunga benki, na alikuwa peke yake.

Haukupita muda akahamishiwa kwenye chumba cha noti chakavu. Ni chumba cha chini ya jengo, hakina dirisha, ambamo noti zilizochakaa huletwa kwa magunia, zikachambuliwa na kukatwakatwa na mashine. Vumbi lake ni jasho la mikono ya watu wote, na huingia kifuani. Rula alimpa habari hiyo mwenyewe, kwa upole, akamwambia kule atajifunza mengi. Naibu alijibu kwamba ameshajifunza. Hakuna mjumbe aliyemsindikiza hata mpaka kwenye lifti.

Wakati huohuo dada alistaafu. Nyumba ya hospitali ilitakiwa aiache, na kiinua mgongo chake kilitosha kununua nyumba ndogo kama angeipata kwa bei ya kibinadamu. Alitaka vyumba viwili na mlango wa mbele wake mwenyewe, kwa sababu maisha yake yote alikuwa ameishi kwenye korido za watu. Alikuwa bado anatafuta, na fedha zilihitaji pa kukaa.

Jumapili moja alikwenda kula kwa mdogo wake. Mezani walikuwa watatu, yeye, Rula na mke. Dada alisubiri sahani ziwekwe, akauliza.

"Mdogo wangu, kaka yake wifi kaniambia nipeleke hela zangu kwake, nikae nikitafuta nyumba. Mimi mambo haya siyajui. Nipeleke?"

Mke alicheka. "Wifi, kwani ungepeleka wapi? Kwa watu baki?"

"Namuuliza mdogo wangu."

Rula alikuwa ameisoma taarifa ya wakaguzi mara nyingi kiasi cha kuikariri. Alijua pia kanuni nyingine ya kazi yake, kwamba ofisa hasemi walichokikuta wakaguzi. Lakini hakuhitaji kukisema ili kumwokoa dada. Angeweza kusema "ngoja". Angeweza kusema benki kubwa iko karibu na kwako, dada, peleka pale. Angeweza kutikisa kichwa mke alipoinuka kuchukua maji, na mke aliinuka. Alijifuta mdomo.

"Dada, habari za kazi siziongelei mezani."

Dada alicheka, akampiga kofi dogo begani. "Haya, mheshimiwa. Nimekuelewa."

Alimwelewa kwa namna pekee ambayo mlezi angeweza kumwelewa. Mtoto huyu ni yeye aliyembeba mgongoni alipokuwa na homa, akamfunza kuoga, akamtoa chawa. Kungekuwa na shimo mbele ya dada yake, mdogo wake asingemwacha aende. Kesho yake asubuhi alipeleka fedha zote, na shemeji alimkalisha ofisini kwake akampa soda.

Asitokee mtu wa kusema kwamba Rula alibanwa na kanuni mbili. Kanuni iliyomlinda shemeji aliipinda mpaka ikafanana na koti lake. Iliyomwangamiza dada aliishika imenyooka. Alijua nani akiumia atapiga kelele na nani ataumia kimya, akachagua.

Benki ilianguka kabla ya mvua kuanza. Shemeji alikuwa ameshasafiri kwa matibabu ya shinikizo la damu, na nyumba yake kubwa ilionekana imeandikwa kwa jina la mama yake mzazi tangu zamani. Mlangoni watu walijipanga mstari uliozunguka jengo. Dada alikuwemo, amevaa viatu vyake vyeupe vya wodini kwa sababu ndivyo alivyoweza kusimama navyo muda mrefu. Mbele yake mwanamke mmoja alikuwa analia, na dada, kwa mazoea ya kazi yake, akamshika mkono amtulize. Akamwambia asiogope, mambo yatawekwa sawa, msimamizi wa mabenki ni mdogo wake wa tumbo moja.

Mwanamke aliacha kulia. Akautoa mkono wake.

"Kumbe Rula ni mdogo wako."

"Ndiye. Nimemlea mimi."

"Basi wewe zako umeshatoa. Umekuja kututazama sisi tunavyolia."

Neno likapita mstarini haraka. Dada alijaribu kueleza kwamba zake zimo humo humo ndani, zote, na jinsi alivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kumcheka. Nani angeamini kwamba mtu wa cheo kile hakumwonya dada aliyemlea? Mzee mmoja akamuuliza kama na viatu amevipaka chokaa aje kuigiza. Wakamsukuma kwa mabega, bila kumpiga, mpaka akajikuta nje ya mstari, ng'ambo ya barabara. Akaenda nyumbani kwa miguu.

Tume ya kuchunguza kuanguka kwa benki ilipoundwa, Rula alifika mbele yake amenyooka kama kawaida. Alisema hakupiga kura hata mara moja katika jambo la shemeji yake, na ilikuwa kweli. Waliomuuliza juu ya koti aliwajibu kwamba koti ni nguo. Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka. Tume ikaandika kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa, na gavana akamruhusu astaafu mapema na mafao yake kamili. Naibu hakurudishwa juu, maana kumrudisha kungekuwa kukiri kitu. Yuko kule chini mpaka leo, na kikohozi chake wanakisikia walinzi wa lango.

Dada alikuwa amepanga chumba uani kwa watu. Rula alimfuata huko, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, akamwambia atamnunulia nyumba kutoka kwenye mafao yake.

"Mimi sikukuomba nyumba," dada alisema. "Nilikuomba neno moja."

"Dada, sheria ilinikataza."

"Wifi alikwenda kuchukua maji. Tulibaki mimi na wewe na sahani. Nani alikuwa anakusikia?"

Rula alisema tena habari ya nyumba. Dada akamwomba ainuke, anataka kutumia ndoo yake.

Mke wa Rula ndiye aliyempatia dada kazi, akidhani anatenda wema. Mama yake alikuwa amepooza na alihitaji mtu wa kumgeuza na kumwogesha, na wifi kazi hiyo aliijua. Dada alikubali, kwa sababu ulikuwa mshahara na si msaada, na kodi ya chumba ilikuwa imemshinda. Kwa hiyo katika umri ambao alistahili kugeuzwa yeye, anamgeuza mama wa mtu aliyekula nyumba yake, ndani ya nyumba kubwa ambayo akiba yake imo ukutani. Analala chumba cha kufulia nguo. Shemeji amesharudi, amepona, na wanapokutana jikoni humsalimia kwa furaha na kumwita dada.

Rula na mkewe huja Jumapili kumwona mgonjwa. Dada humletea Rula kiti, humpa maji, hujibu anachoulizwa juu ya mgonjwa na si zaidi. Humwita "mkurugenzi". Safari moja Rula alijaribu kumzuia kwenye korido na kumwambia yeye bado ni mdogo wake. Dada alisubiri amalize, kama anavyosubiri wagonjwa wanaoweweseka, kisha akapita na beseni lake.

Rula hakupoteza pensheni, wala nyumba, wala mke, na hakuna mahakama iliyomgusa. Dada yake alipoteza nyumba aliyoifanyia kazi maisha yake yote. Yeye alimpoteza dada, mtu pekee duniani aliyempenda kabla hajawa Rula.