Miwani ya Shangazi

Shangazi yangu ni mtafiti. Anatafuta dawa ya ugonjwa wa kusahau, na panya wake wa maabara, wakishapewa dawa hiyo, wanaikumbuka njia ya kuendea chakula. Mimi niliyeiacha diploma njiani nasema panya hao wanamshinda Bibi, mama yake mwenyewe, ambaye siku hizi hamtambui mwanawe wa kumzaa. Anamwita daktari.

Dawa bado haijaruhusiwa kwa watu. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kula, Shangazi anampima mama yake kwa maneno matatu ya kukumbuka, aliyoyaandika kwenye karatasi, kama wanavyopimwa wagonjwa, akiomba moyoni siku moja ajibiwe.

"Mama, nilikuambia ukumbuke maneno gani?"

"Maneno ni yako, daktari. Mbona unataka niyatunze mimi?"

Nikacheka. "Shangazi, hapo umepatikana."

"Nyamaza wewe, panya wangu wana adabu kukushinda," akasema, lakini machozi yalikuwa yanamlenga. Akainamisha kichwa tusiyaone.

Bibi akamvua miwani bila kuomba ruhusa. Akaipulizia pumzi, akaifuta taratibu kwa upindo wa gauni lake, kisha akamvisha tena na kumrudishia nywele nyuma ya sikio.

"Binti yangu naye hachoki kuvaa miwani michafu," alisema. "Anasoma mno yule. Ukimwona, mwambie aje ale."

"Nitamwambia, mama."

Shangazi akaikunja karatasi ya maneno, akavuta kiti karibu naye, akala.