Filimbi ya Kerameikos

Kila asubuhi, kabla ya kufungua lango, Evanthia huichovya filimbi yake katika kikombe cha pombe kali ya zabibu, huifuta kwa leso, kisha huivaa shingoni. Ni mlinzi wa Kerameikos, makaburi ya kale ya Athene, na kazi yake kubwa ni kuwapulizia watalii wanaogusa au kukalia marumaru.

Siku ile ya mgomo, mwaka ambao serikali ilipunguza mishahara na pensheni, nilikuwa nikiwatembeza wazee kutoka Denmark. Mabomu ya machozi yakaanza kulia barabarani. Evanthia alifunga lango kwa kufuli, akatukusanya penye kivuli. Wazee wakaendelea kujipaka krimu ya jua, nadhani kwa kukosa la kufanya.

Msichana mmoja akaruka uzio. Uso wake ulikuwa mweupe pee kwa dawa ya kiungulia, ile wanayojipaka waandamanaji ili moshi usiwachome. Alituona, akavua koti lake jeusi na kulitupa kwenye majani, akaketi katikati yetu, juu ya kaburi. Bibi mmoja miongoni mwa wageni wangu akavua kofia yake akamvika.

Askari wakafika langoni.

"Mama, kuna mtu karuka hapa?"

"Wanaoruka hapa ni paka."

"Usinichezee. Ukimficha mtu, kesho huna kazi, na mahakamani utakwenda. Fungua."

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na mumewe hakuwa na kibarua. Alifungua.

Mkubwa wao akaanza kukagua nyuso, mmoja baada ya mwingine, zote nyeupe kwa krimu. Msichana alikuwa akitetemeka hadi ukingo wa kofia unacheza. Askari akausogelea.

Filimbi ikalia kwa nguvu, hata yeye akashtuka.

"Wewe wa kofia. Hicho kiti cha mama yako?" Evanthia alimwendea akitikisa kidole, akimfokea kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Hilo kaburi. Watu wamelala humo tangu enzi na enzi, wewe unawawekea makalio."

Msichana akainuka, kichwa chini. "Sori."

"Sori, sori. Kila siku sori. Kasimame kule ukutani." Kisha akamgeukia askari. "Unaona ninavyoteseka, mwanangu? Niazime hilo rungu lako nusu saa tu."

Askari akacheka. "Pole, mama. Afadhali sisi tunaorushiwa mawe."

Akawaita wenzake, wakatoka, wakashika njia ya kituo cha treni.

Evanthia alirudi kufunga lango. Ufunguo ulikuwa ukimponyoka, nikamshikia kufuli. Msichana alikuwa bado ukutani, akilia kimya kimya, na yule bibi akimfuta uso.

"Unamfahamu?" nikauliza.

"Hapana," alisema. "Lakini kwa kweli alikuwa amekalia kaburi."